Hisa moja, milango mingi: Masoko ya Marekani yanavyogombania oda

Hisa ya kampuni ya Apple imeorodheshwa Nasdaq, lakini anayeinunua leo huenda asiipate Nasdaq kabisa. Oda yake inaweza kujibiwa katika Soko la Hisa la New York, katika mojawapo ya masoko manne ya kampuni ya Cboe, katika soko dogo la IEX, ndani ya mfumo wa benki ambao umma hauuoni, au kwenye kompyuta za kampuni inayonunua na kuuza kwa fedha zake yenyewe. Marekani ina masoko rasmi ya hisa zaidi ya 15, na nje ya hayo kuna mifumo mingine takriban 30 ya kukutanisha oda. Yote hushughulikia hisa zilezile katika muda uleule, kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni kwa saa za New York, na kila moja linahangaika kuvuta wateja wa mwenzake.

Hata hivyo, mteja akifungua simu yake huona bei moja tu. Bei hiyo hupatikana kwa kukusanya bei za masoko yote, kuzilinganisha na kuchagua iliyo bora, na kazi hiyo hurudiwa maelfu ya mara kwa siku kwa kila hisa. Sheria na nyaya ndizo zinazoyashona masoko hayo yaonekane kama soko moja. Penye mshono hubaki upenyo, na sehemu kubwa ya biashara ya hisa ya sasa hufanyika katika upenyo huo.

Kuorodheshwa ni kimoja, kuuzwa ni kingine

Kampuni inapotaka kuuza hisa zake kwa umma huchagua soko la kuorodheshwa. Soko hilo huikagua, huiwekea masharti ya kutoa taarifa za fedha, na huitoza ada ya mwaka. Lakini hisa zikishaanza kuuzwa, sheria ya Marekani inaliruhusu soko jingine lolote rasmi kuendesha biashara ya hisa hizo bila kuiomba ruhusa kampuni wala soko lililoiorodhesha. Ndiyo maana hisa za Coca-Cola, iliyoorodheshwa New York, huuzwa Nasdaq, na za Microsoft, iliyoorodheshwa Nasdaq, huuzwa New York.

Jambo kubwa ambalo soko la kuorodhesha limebaki nalo mkononi ni mnada wa kufungua na wa kufunga siku. Saa 10:00 jioni oda zilizowekwa kwa ajili ya mnada wa kufunga hukusanywa pamoja na kupewa bei moja, ile inayowezesha hisa nyingi zaidi kubadilisha mikono. Bei hiyo ndiyo inayochapishwa magazetini na ndiyo inayotumiwa na mifuko ya uwekezaji kukokotoa thamani ya vipande vyake. Kwa kuwa mifuko mingi huhitaji bei hiyo hasa na si nyingine, mnada wa dakika ya mwisho huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya biashara ya siku nzima.

Jinsi ukiritimba ulivyovunjika

Soko la New York huhesabu umri wake tangu Mei 17, 1792, siku madalali 24 walipotia saini makubaliano ya kufanya biashara wao kwa wao katika mtaa wa Wall Street. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 soko hilo lilitawala hisa za kampuni kubwa za Marekani. Masoko ya mikoani yalikuwapo Boston, Philadelphia, Chicago na pwani ya Pasifiki, ila yalipata makombo. Soko la New York lilikuwa na kanuni iliyowabana madalali wake wasipeleke nje biashara ya hisa zake nyingi. Kanuni hiyo, iliyojulikana kwa namba 390, ilifutwa mwaka 2000.

Mabadiliko yalianzia bungeni. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria za dhamana na kuiagiza Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa, SEC, ijenge mfumo wa soko la kitaifa ambamo masoko mbalimbali yangeshindana huku yakiwa yameunganishwa. Mwaka 1978 masoko yaliunganishwa kwa mtandao wa kwanza wa kupelekeana oda, uliokuwa wa polepole kwa sababu upande wa pili binadamu ndiye aliyejibu. Katika miaka ya 1990 ikaja mitandao ya kompyuta kama Island na Archipelago, iliyokutanisha oda bila dalali kupiga kelele ukumbini. Mwaka 2001 bei zikaacha kupangwa kwa visehemu vya moja ya kumi na sita ya dola, yaani senti 6.25, zikaanza kupangwa kwa senti moja moja. Pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza likasinyaa, na faida ya waliokuwa wakiishi kwa pengo hilo ikasinyaa nalo.

Pigo la mwisho lilikuwa kanuni za mfumo wa soko la kitaifa zilizopitishwa na SEC mwaka 2005 na kuanza kutumika mwaka 2007. Kwa mujibu wa takwimu za SEC yenyewe, Januari 2005 Soko la New York lilishughulikia asilimia 79 ya biashara ya hisa lilizoziorodhesha. Kufikia Oktoba 2009 lilikuwa limebaki na asilimia 25. Bats, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2005 na iliyokuwa na makao yake katika jimbo la Kansas, mbali kabisa na Wall Street, ilikuwa miongoni mwa walionyakua nafasi hiyo. Leo masoko ya Bats yamo ndani ya Cboe, iliyoinunua mwaka 2017.

Safari ya oda moja

Kanuni iliyoleta mageuzi hayo inalinda oda zenye bei nzuri popote zilipo. Soko lolote linalopokea oda haliruhusiwi kuitimiza kwa bei mbaya kuliko bei iliyotangazwa na soko jingine na inayoweza kupatikana papo hapo. Likikuta bei bora iko kwa jirani, ama liipeleke oda huko ama liikatae.

Mfano utasaidia. Mfuko wa pensheni unataka kununua hisa 1,000 za kampuni fulani. Kwa wakati huo Nasdaq kuna anayeuza hisa 300 kwa dola 50.01 kila moja. Katika EDGX, mojawapo ya masoko ya Cboe, kuna hisa 200 kwa bei hiyohiyo. Soko la New York lina hisa 400 kwa dola 50.02, na Arca, soko dada la New York, lina hisa 600 kwa dola 50.03. Mnunuzi aliye juu kuliko wote anatoa dola 50.00. Kwa hiyo bei bora ya kitaifa ni 50.00 kwa anayetaka kuuza na 50.01 kwa anayetaka kununua, na ndiyo itakayoonekana kwenye skrini.

Dalali hana haja ya kupigia simu masoko manne. Programu yake ya kuelekeza oda huigawa oda vipande vinne na kuvituma kwa pamoja: 300 Nasdaq, 200 EDGX, 400 New York na 100 Arca. Kila kipande hubeba alama inayoliambia soko linalokipokea kwamba bei bora zilizoko kwingine zimekwisha kufuatwa, hivyo lisikizuie. Mambo yakienda sawa mfuko hulipa dola 50,016, wastani wa dola 50.016 kwa hisa. Kama oda yote ingetupwa Arca, hisa ya kwanza ingeanzia dola 50.03 wakati Nasdaq kuna anayeuza kwa 50.01. Hicho ndicho kanuni inachozuia.

Ulinzi huo una mpaka wake. Kanuni inalinda bei iliyo bora kabisa ya kila soko, si daftari zima la oda. Kama Nasdaq ingekuwa na hisa nyingine 500 kwa dola 50.02, nyuma ya zile za 50.01, oda hizo za safu ya pili zisingelindwa, na dalali angeweza kuziruka. Zaidi ya hayo, masoko huonyesha bei bila kusema ni nani aliyeiweka wala kama atakuwa bado yupo oda itakapofika.

Mbio za New Jersey

Vipande vinne vya oda hutoka kwa pamoja lakini havifiki kwa pamoja. Wall Street imebaki jina tu. Kompyuta zinazokutanisha oda ziko ng'ambo ya mto Hudson, katika jimbo la New Jersey. Za Soko la New York ziko Mahwah, za Nasdaq ziko Carteret, za Cboe ziko Secaucus. Kutoka Mahwah hadi Carteret ni takriban kilomita 55. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata faiba ingelazwa kwa mstari ulionyooka, umbali huo ungechukua mikrosekunde 275, yaani sehemu 275 za milioni ya sekunde. Mawimbi ya mikrowevu angani hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde na yangetumia mikrosekunde 183 tu. Kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo, minara ya mikrowevu imesimikwa kuunganisha miji hiyo mitatu.

Kampuni za biashara ya kasi hukodi nafasi ya kuweka seva zao ndani ya majengo yaleyale ya masoko. Kipande cha oda ya mfuko wa pensheni kikifika Carteret na kumaliza hisa 300, kompyuta zao hubaini kwamba kuna mnunuzi mkubwa. Habari hiyo hukimbizwa Mahwah, na kabla kipande cha New York hakijafika, aliyekuwa akiuza hisa 400 kwa 50.02 hufuta oda yake na kuweka nyingine kwa 50.03. Hakuna kilichoibwa. Muuzaji amebadilisha bei yake, haki ambayo kila muuzaji anayo. Ila bei uliyoiona mfuko kwenye skrini imeyeyuka kabla ya kununuliwa.

Brad Katsuyama, aliyekuwa akifanya kazi katika Royal Bank of Canada mjini New York, alipata dawa ya tatizo hilo pamoja na wenzake: kuchelewesha vipande vya karibu ili vyote vifike sokoni kwa wakati mmoja. Baadaye walianzisha IEX, iliyokubaliwa na SEC kuwa soko rasmi Juni 2016. Humo, kila oda inayoingia hupitishwa kwanza katika waya wa faiba wenye urefu wa takriban kilomita 61, uliozungushwa na kukunjwa ndani ya kasha dogo. Safari hiyo ya kuzunguka mahali pamoja huichelewesha oda kwa mikrosekunde 350, muda unaoliwezesha soko kusoma bei mpya za masoko mengine kabla mtu wa mbio hajazitumia.

Kasi ya habari nayo ina madaraja. Bei bora ya kitaifa hukokotolewa na vituo rasmi vya kukusanya bei, vinavyogharimiwa na masoko kwa pamoja. Pembeni yake kila soko huuza data yake moja kwa moja kwa wanaoweza kulipa, ikiwa na daftari lote la oda. Mwenye data hiyo anaweza kukokotoa bei bora ya kitaifa mwenyewe kabla kituo rasmi hakijaitangaza. Sheria inalitaka soko lisiwatumie data wateja wake wa kulipia kabla ya kutuma kwa kituo rasmi. Mwaka 2012 Soko la New York lilitozwa faini ya dola milioni 5 na SEC kwa kulikiuka sharti hilo.

Soko linalomlipa mteja

Hisa zikiwa zilezile na bei ikilindwa kila mahali, masoko hushindana kwa ada. Mtindo ulioenea unawagawa wateja katika makundi mawili. Mweka oda ni yule anayetangaza bei na kusubiri. Mchukua oda ni yule anayekuja na kununua au kuuza papo hapo kwa bei iliyopo. Soko humtoza mchukua oda, kisha sehemu kubwa ya pesa hiyo humpa mweka oda kama zawadi ya kulipamba daftari lake, nalo hubaki na kinachozidi. SEC iliweka kikomo cha ada ya kuchukua kuwa senti 0.30 kwa hisa, sawa na senti 30 kwa kila hisa 100. Septemba 2024 tume hiyo ilipitisha uamuzi wa kukishusha kikomo hadi senti 0.10, lakini tarehe ya kuanza kwake imesogezwa mbele.

Baadhi ya masoko yamegeuza mpango huo juu chini: humlipa mchukuaji na kumtoza mwekaji. Ndiyo sababu kampuni moja humiliki masoko kadhaa yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa ada. Cboe inayo manne, Nasdaq matatu, na Intercontinental Exchange, mmiliki wa Soko la New York, nayo ina kundi lake. Hatari yake iko kwa dalali. Anapaswa kuipeleka oda ya mteja mahali panapomfaa mteja, ilhali zawadi ya soko huingia mfukoni mwa dalali. Kwa hiyo sheria inawadai madalali watangaze kila robo mwaka oda zao zilipelekwa wapi na walilipwa nini.

Biashara isiyofika sokoni

Katika miaka ya karibuni karibu nusu ya hisa zote zinazouzwa Marekani hazipiti katika soko rasmi lolote. Sehemu moja huenda kwenye masoko ya gizani, mifumo ambayo oda zake hazitangazwi kabla ya kutimizwa. Yalianzishwa kwa sababu ya msingi: mfuko unaotaka kuuza hisa milioni moja ukitangaza nia yake, bei itashuka kabla haujauza robo yake. Gizani, oda hizo kwa kawaida hukutanishwa katikati ya bei bora ya kitaifa, na kila upande huokoa nusu ya pengo.

Sehemu nyingine ni oda za watu wa kawaida. Mtu anayenunua hisa kumi kwa simu bila kulipa ada ya dalali huwa hajui kwamba oda yake imepelekwa kwa kampuni kama Citadel Securities au Virtu, ambazo humlipa dalali ili zipate oda hizo. Zinazitaka kwa sababu mtu wa kawaida hanunui kwa kujua jambo ambalo wengine hawalijui, na nyuma ya oda yake hakuna hisa milioni zinazofuata. Kufanya naye biashara ni salama. Kampuni huweza kumuuzia kwa dola 50.008 pale ambapo bei bora sokoni ni 50.01, ikabaki na faida na bado yeye akapata nafuu ya senti 20 kwa hisa 100.

Kilichozua ubishi ni nani anayepima nafuu hiyo. Desemba 2020 kampuni ya Robinhood ilikubali kulipa dola milioni 65 kumaliza madai ya SEC, bila kuyakiri wala kuyakana. Tume ilidai kuwa wateja hawakuelezwa wazi chanzo hiki cha mapato na kwamba walipata bei hafifu kiasi cha kupoteza zaidi ya dola milioni 34 hata baada ya kuhesabu ada walizosamehewa. Uingereza haikubali dalali alipwe kwa kupeleka oda za wateja.

Kuna hoja pana zaidi. Biashara za gizani na za kampuni hizi hutumia bei ya masoko ya wazi kama kipimo, na hutangazwa baada ya kufanyika, kwa kawaida ndani ya sekunde 10. Oda nyingi zikihamia huko, bei ya kipimo itategemea watu wachache waliobaki wakitangaza nia zao hadharani.

Siku mfumo unapokwama

Wingi wa masoko una faida iliyoonekana Julai 8, 2015. Kompyuta za Soko la New York zilikwama saa 5:32 asubuhi, na soko likabaki limefungwa hadi saa 9:10 alasiri. Hisa zake ziliendelea kuuzwa katika masoko mengine, kwa sababu hayo yalikwisha kuwa na oda na bei zake. Tukio la Agosti 22, 2013 lilionyesha upande wa pili. Siku hiyo kilichokwama ni kituo rasmi cha kukusanya bei za hisa zilizoorodheshwa Nasdaq. Masoko yalikuwa mazima, lakini bila bei bora ya kitaifa hakuna aliyeweza kujua kama anaivunja kanuni, na biashara ya hisa hizo ikasimama nchi nzima kwa takriban saa tatu.

Lililotisha zaidi ni tukio la Mei 6, 2010. Kipimo cha hisa cha Dow Jones kilishuka karibu pointi 1,000 katika dakika chache kisha kikapanda tena. Oda zilipokwisha katika masoko, hisa za baadhi ya kampuni ziliuzwa kwa senti moja na nyingine kwa karibu dola 100,000. Biashara zaidi ya 20,000 zilifutwa baadaye. Tangu hapo kila hisa imewekewa uzio unaohesabiwa kutokana na wastani wa bei wa dakika tano zilizotangulia. Bei ikiugonga uzio na kushindwa kurudi ndani, biashara ya hisa hiyo husimamishwa katika masoko yote kwa wakati mmoja.

Mahali wote wanapokutana

Ushindani wote huu unaishia mlango mmoja. Biashara ikishafanyika, iwe Nasdaq, IEX au gizani, huingizwa katika taasisi moja ya kusafisha hesabu iliyo chini ya kampuni ya DTCC. Taasisi hiyo huingia katikati na kuwa muuzaji kwa kila mnunuzi na mnunuzi kwa kila muuzaji. Kisha hutoa alichouza dalali katika alichonunua, hivyo aliyenunua hisa 10,000 katika masoko sita na kuuza 9,800 katika mengine hupokea 200 tu. Tangu Mei 28, 2024 malipo na makabidhiano hukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara. Hisa zenyewe hazihami. Nyingi zimesajiliwa kwa jina moja, Cede & Co., na hifadhi kuu ya hisa hubadilisha tu kumbukumbu za nani anamiliki ngapi kupitia dalali gani. Bila daftari hilo la pamoja, hisa iliyonunuliwa katika EDGX isingeweza kuuzwa New York dakika moja baadaye.

Afrika Mashariki ina hisa zinazouzwa katika masoko zaidi ya moja, lakini kwa mpango tofauti. KCB, East African Breweries na Kenya Airways zimeorodheshwa Nairobi na pia Dar es Salaam, kila moja kwa uamuzi wake yenyewe na kwa kutimiza masharti ya kila soko. Bei ya Nairobi ni kwa shilingi ya Kenya, ya Dar es Salaam ni kwa shilingi ya Tanzania, na kila nchi ina hifadhi yake ya hisa. Mwenye hisa anayetaka kuuza upande wa pili hana budi kwanza kuzihamisha kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Hakuna bei bora ya pamoja wala kanuni inayomlazimu dalali wa Dar es Salaam kutazama bei ya Nairobi. Biashara ya hisa hizo imebaki Nairobi kwa sehemu kubwa, na Dar es Salaam ni haba. Masoko hayo mawili yana hisa zilezile bila kushindana, kwa kuwa ushindani wa oda huanza pale tu hifadhi, malipo na taarifa za bei zinapokuwa zimeunganishwa.